Kustaafu ng'ambo au kurudi nyumbani: mwongozo kwa watu wa Amu na Malindi

Kaskazi ikishashika mwezi wa Disemba, gati la Amu, yaani Lamu, hujaa masanduku ya magurudumu. Wenetu wa Uingereza, Kanada, Marekani na Ghuba wamekuja kupumzika, na mji unawapokea kwa mahamri na harusi. Wiki ya pili haijaisha, swali lile lile linatoka: "Shangazi, nikishastaafu nirudi moja kwa moja, au nizeekee huko huko?" Nami huuliza kwanza: umeshajenga? Wengi wanainamisha kichwa na kucheka. Wameshajenga, au msingi uko juu na fundi anangoja pesa za Januari. Hapo mambo yameshaharibika kidogo, maana nyumba ikitangulia, yenyewe ndiyo inayokuamulia. Utarudi ili usiiache tupu, au utabaki ng'ambo ukizidisha zamu za usiku ili uimalize.

Mimi nilikuwa muuguzi Leicester kwa miaka 31. Nilirudi Amu mwaka 2019 pamoja na mume wangu, tukaingia nyumba yetu ya mtaa wa Langoni, na tangu 2022 tunapanga Malindi, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Kosa la kutanguliza nyumba nalijua kwa magoti yangu mwenyewe, na nitalieleza likifika zamu yake. Huu hapa ni utaratibu ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Hatua ya kwanza: utakaa na nani?

Chukua karatasi, andika majina ya watu ambao Jumanne ya kawaida, isiyo na harusi wala maiti, unaweza kwenda kukaa nao bila miadi. Usihesabu jamaa wa kukupokea uwanja wa ndege. Hesabu wa barazani, wa ukumbini, wa kukutumia mtoto akuulize mbona leo hujaonekana. Fanya orodha mbili, moja ya nyumbani na moja ya huko uliko.

Nilipoandika yangu ya Amu nilijipa majina tisa. Nilipofika, watatu walikuwa wameshafariki, mmoja amehamia Mombasa kwa binti yake, na mmoja hatukuwa na la kuzungumza baada ya nusu saa. Tunadhani mji umetungoja. Niliyeondoka 1988 niliiacha Amu ambayo haijaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hilo lilikuja 2001, na nyuma yake wageni waliozinunua nyumba za mawe. Mei 2021 likafunguliwa gati la kwanza la bandari mpya. Watoto niliowaacha wanacheza mpira ndio leo wazee wa mtaa, na wao walijuana bila mimi.

Orodha ya ng'ambo nayo iandike kwa ukweli. Kuna watu wanaililia Amu wakati msikiti wao, marafiki wao na wajukuu wao wote wako umbali wa basi moja Leicester. Na kuna ambao wakianguka jikoni Jumamosi, wa kwanza kujua atakuwa mtu wa posta Jumatatu. Hao wa pili warudi, hata kama hesabu ya pesa inasumbua kidogo.

Hatua ya pili: jaribu wakati wa kusi

Likizo ya Disemba haikufundishi kitu. Bahari imetulia, samaki wamejaa, na wewe ni mgeni, na mgeni huandaliwa. Njoo Aprili ukae mpaka Septemba au zaidi. Masika yataingia, nguo hazitakauka, ukungu utapanda kwenye kuta, na kusi likianza kuvuma wavuvi wengi hawatoki nje, kwa hiyo samaki wanapungua na bei inapanda. Mto Tana ukifurika, barabara ya Garsen inaweza kukatika, na mboga za sokoni Amu zikawa chache kwa sababu lori halikupita. Ukiweza kuipenda Amu mwezi wa Juni, hiyo ndiyo mapenzi.

Masharti ya jaribio ni haya. Panga chumba, usikae kwa dada yako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na dada hawezi kukupa jembe wala wewe hutajua maisha yanagharimu nini ukila kwake. Nunua stima yako mwenyewe, pika, panga foleni benki. Ishi kwa kiasi cha pensheni utakayoipata, akiba usiiguse. Andika kila shilingi. Na ukiugua, tibiwa hapa.

Kama unapima kati ya Amu na Malindi, gawa muda huo nusu kwa nusu. Watu huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini ni maisha mawili. Amu unatembea kwa miguu, unajulikana mpaka jina la bibi yako, na kila kizito kinapandishwa punda. Malindi kuna tuktuk mlangoni, maduka makubwa, na Waitaliano waliostaafu wanaoagiza kahawa yao kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wajukuu wangu. Hilo la Waitaliano lilinichekesha sana nilipohamia: wao wanaacha Ulaya kuja kuzeekea kwetu, sisi tunajiuliza kama kwetu kunazeekeka.

Hatua ya tatu: pensheni, kabla ya kumwambia mtu yeyote

Hapa kuna pesa nyingi zaidi kuliko kwenye bei ya kiwanja, na ndipo watu husoma kidogo zaidi. Kanuni hutegemea nchi.

Walio Uingereza. Pensheni ya serikali huanza umri wa miaka 66, na kati ya 2026 na 2028 umri huo unasogezwa hadi 67. Ili upate chochote katika mfumo mpya unahitaji miaka 10 ya michango, na ili uipate kamili kwa kawaida ni 35. Ukihamia Kenya utalipwa. Hilo halina shida. Shida ni kwamba itasimama pale pale. Nyongeza ya kila Aprili hupewa wanaoishi Uingereza kwenyewe, nchi za Umoja wa Ulaya na nchi nyingine chache zenye mkataba unaoiruhusu, na Kenya haimo. Chukua mtu aliyeanza kupokea pensheni mpya kamili Aprili 2016, pauni 155.65 kwa wiki. Kama alibaki Leicester, mwaka wa fedha wa 2025/26 alipokea pauni 230.25. Mwenzake aliyehamia Kenya mwaka ule ule bado anapokea 155.65. Tofauti mwaka huo ilikuwa pauni 74.60 kila wiki, karibu 3,900 kwa mwaka, na kila Aprili pengo linapanuka. Akirudi kuishi Uingereza, hupandishwa hadi kiwango cha wenzake. Akiondoka tena, inasimama tena.

Kwa hiyo ukifanya hesabu ya miaka 20, usichukue pensheni ya leo ukaizidisha. Ichukue kama ilivyo leo, isimamishe, kisha uipandishie bei ya unga.

Pensheni ya kazini ni habari nyingine. Yangu ya uuguzi hupanda kila mwaka nikiwa Malindi vile vile kama ningekuwa kule. Andikia kila mfuko uliowahi kuuchangia, hata wa kazi ya miezi minane kiwandani, uulize matatu: inalipwa Kenya, inapanda, na nikifa mwenzangu anapata nini. Misaada inayojazia kipato cha wazee maskini, ile inayopimwa kwa mapato, inakatika ukihama. Kama ndiyo unayoitegemea, rudi kwenye kikokotoo.

Kisha kuna fomu ya kuthibitisha uko hai. Hutumwa kwa posta, inatakiwa isainiwe na shahidi na irudishwe, na usipoirudisha malipo yanaweza kusimamishwa. Weka sanduku la posta lenye mtu anayelifungua kila wiki. Namjua mzee aliyekaa miezi minne bila pensheni, yu hai kabisa, anakunywa kahawa mtaani Mkomani, Amu, lakini kwa karatasi za kule hakuna aliyejua.

Walio Marekani. Unahitaji krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi. Raia wa Marekani anayeishi Kenya huendelea kulipwa, na nyongeza ya kila mwaka inamfuata, tofauti na Mwingereza. Asiye raia ajihadhari: akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita, malipo yanaweza kusimama isipokuwa ana sababu inayokubalika kisheria. Na raia wa Marekani hujaza fomu za kodi kila mwaka hata akiwa anavua pweza Kipungani.

Walio Ghuba. Ndugu zetu wa Maskati, Dubai na Jedda wengi hawana swali la kubaki, kwa sababu ukaazi umefungwa na kazi. Kazi ikiisha, na kibali kinaisha. Imarati wana viza ya wastaafu kuanzia umri wa miaka 55, ila masharti yake ya mali au kipato hayawafikii madereva na wapishi. Kwao pensheni ni kiinua mgongo. Kwa sheria ya kazi ya Imarati ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Angalia neno "msingi". Wengi wana mshahara wa msingi mdogo na marupurupu makubwa, kwa hiyo kiinua mgongo kinakuja kidogo kuliko walivyokiota. Wewe wa Ghuba anza kujiwekea pembeni mwaka wa kwanza wa kazi, usingoje wa mwisho.

Na kwa wote, sarafu. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa karibu 129. Aliyetumiwa dola 1,000 kwa mwezi alishuka kutoka shilingi 160,000 hadi 129,000, na muuza samaki hakumpunguzia hata thumni. Panga bajeti yako kwa kiwango kibaya, kizuri kikija kiwe bahati.

Hatua ya nne: karatasi za pande zote mbili

Upande wa Kenya, tarehe muhimu ni 27 Agosti 2010, siku katiba mpya ilipoanza. Mzaliwa wa Kenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya hapo aliupoteza uraia wa Kenya, lakini ana haki ya kuurudisha akiomba. Aliyechukua baada ya hapo hakuupoteza, ila sheria ya 2011 inamtaka atoe taarifa ya uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu, na kutofanya hivyo ni kosa. Usidharau hili. Wako watu wazima wanaoingia na kutoka kwa pasi ya kigeni, wanapigiwa muhuri wa mgeni, kisha wanashangaa wakiulizwa wanamiliki vipi shamba. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi milele. Anapata ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Rudisha uraia kwanza, na kitambulisho chako cha zamani, hata kama picha yake inakuonyesha una nywele, usikitupe.

Mke au mume asiye Mkenya hutafutiwa kibali cha mtegemezi, na ndoa ikifika miaka saba anaweza kuomba kuandikishwa uraia. Kama ndoa ilifungwa msikitini Birmingham na haina cheti cha serikali, ishughulikie mkiwa bado kule.

Upande wa ng'ambo, uliza kitu kimoja: mlango utabaki wazi kwa muda gani? Mwenye uraia hana wasiwasi. Mwenye kibali cha kuishi daima Uingereza, kwa kawaida kinakufa akikaa nje miaka miwili mfululizo. Mwenye grinkadi ya Marekani akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali maalum cha kurudi, anahesabiwa ameiacha. Kama umri na pesa vinaruhusu, chukua uraia wa huko kabla hujarudi. Umelipa kodi miaka 30. Usiondoke na mlango unaojifunga wenyewe nyuma yako.

Hatua ya tano: hospitali

Nilikuwa muuguzi, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha. Swali la kama kuna hospitali halitoshi. Amu ipo, Hospitali ya King Fahd, na Malindi ipo ya kaunti ndogo pamoja na za binafsi. Uliza hivi: ugonjwa nilio nao mimi, na ule uliomuua baba yangu, unatibiwa wapi, na nafika huko kwa saa ngapi, usiku?

Mwaka 2021 mume wangu alishikwa na kifua saa nane za usiku. Amu ni kisiwa. Ukitoka unavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ya kuelekea Garsen, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya kusafiriwa mchana, yenye vizuizi vya ukaguzi na nyakati nyingine msafara wa polisi. Au unangoja kuche uvuke Manda upande ndege. Alipewa huduma ya kwanza, tukakesha, asubuhi tukavuka. Jioni alikuwa mbele ya daktari bingwa wa moyo. Alipona, alhamdulillah, lakini usiku ule ndio uliotuhamisha. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 za lami, na gari linapatikana saa yoyote.

Simwambii mtu asirudi Amu. Mwenye afya, au ambaye ugonjwa wake ni presha inayotii vidonge, Amu inamfaa kuliko mji wowote: anatembea, hana moshi wa magari, na watu wanamwangalia. Mwenye moyo, figo au kiharusi kilichowahi kumpiga, afikirie bara.

Bima ishughulikie mapema. Tangu 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF umepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Jiandikishe, lakini usiitegemee peke yake kwa upasuaji mkubwa. Bima za binafsi nyingi zina kikomo cha umri wa kuingia: aliyejiunga akiwa na miaka 58 huendelea nayo, anayebisha hodi ana 71 huambiwa asubiri. Na usijidanganye kwamba utapanda ndege ukatibiwe bure NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza. Ukishahama, wewe ni mgeni, na matibabu ya kulazwa utatozwa. Medicare nayo, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ukiacha matukio machache mno, hailipi bili za nje ya nchi. Ukiiacha sehemu yake ya B, ile ya gharama za madaktari, ili kuokoa pesa kisha ukabadili nia, utaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 uliyoikosa.

Hatua ya sita: fungu la mikono ya watu

Katika bajeti yako weka mstari ambao mabenki hawana jina lake. Mchango wa harusi, hitima, ada ya mtoto wa jirani, boti iliyoharibika mashine, Maulidi. Umerudi kutoka Ulaya, na machoni pa watu Ulaya haiishi mfukoni. Ukikataa kila kitu utaishi peke yako katikati ya mji; ukikubali kila kitu utaomba nauli ya kurudia. Mimi nina kiasi maalum kwa mwezi. Kikiisha tarehe 12, nasema kimeisha, njoo mwezi ujao, na nasema hivyo kwa binamu na kwa imamu. Mwaka wa kwanza walinuna. Sasa wanakuja tarehe mosi.

Hatua ya saba: mke, mume, watoto, kaburi

Mara nyingi mmoja anataka kurudi na mwenzake anakubali kwa mdomo. Mume wangu alikuwa na baraza lake tangu siku ya kwanza. Mimi nilichukua miaka miwili kuzoea kwamba kila nitokapo kuna mtu wa kuuliza naenda wapi. Wanawake walioishi kule kwa mshahara wao wenyewe waulizwe bila waume kuwepo chumbani, na wapewe jibu la heshima wakisema hapana.

Watoto wako hawatakufuata. Sema hivyo kwa sauti umalize. Weka kwenye bajeti tiketi ya kwenda kuona wajukuu, na uwaambie wazi nani atakuja ukilala hoi.

Mirathi iandike pande zote mbili. Kwa Waislamu wa Kenya, Sheria ya Urithi inaacha mali igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na Kadhi wa Lamu au wa Malindi ndiye mlango wenu. Wosia hauzidi theluthi, na mrithi haongezewi kwa wosia bila ridhaa ya wenzake. Lakini nyumba iliyo Uingereza itafuata sheria ya kule. Usipoandika wasia halali huko, serikali itagawa kwa kanuni zake, na mke wa pili aliyeolewa kwa nikahi tu anaweza kukosa hata senti. Andika pia utazikwa wapi. Nimeona maiti ikikaa wiki mbili kwa sababu ndugu wa Amu walitaka iletwe na watoto wa London walitaka kaburi wanaloweza kulizuru Ijumaa.

Hatua ya nane: nusu huku, nusu kule

Mabaharia wa majahazi waliishi hivi zamani: walishuka na kaskazi wakarudi na kusi. Mstaafu anaweza, akiwa na afya na uraia wa pande mbili. Ni ghali, maana unalipia vyumba viwili, na ifikapo miaka 75 hivi mwili wenyewe huchagua upande. Ila kwa miaka mitano ya mwanzo ni njia nzuri kuliko kiapo.

Angalia kodi tu. Kenya inakuhesabu mkaazi ukikaa siku 183 katika mwaka, au wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo pamoja na miwili iliyoutangulia. Na kama una makazi ya kudumu hapa, hata ukifika kwa siku chache tu, unaweza kuhesabiwa mkaazi mwaka huo. Umeona nyumba inavyoanza kukuamulia? Ongea na mhasibu anayejua nchi zote mbili kabla ya kumlipa fundi.

Mizigo

Anayehamisha makazi yake baada ya kukaa nje angalau miaka miwili huruhusiwa vyombo vya nyumbani alivyovitumia na gari moja bila ushuru, mradi gari liwe lake na amelitumia huko miezi 12 au zaidi, na lisipite miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Maombi yafanywe mapema ukishafika. Kwa Malindi ni msaada mkubwa. Kwa Amu, gari la nini? Utaliacha Mokowe liliwe na chumvi. Leta godoro zuri na miwani ya akiba.

Hatua ya mwisho: nyumba

Umefika hapa umeshaishi kusi zima, unajua pensheni yako itakuwa kiasi gani, karatasi ziko sawa, daktari unamjua kwa jina, mwenzako amekubali kwa moyo. Sasa zungumza na fundi.

Ardhi ya Pwani ina historia ndefu ya maumivu. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, wengi ambao hawakuandikisha mashamba ya babu zao waliyapoteza, na vidonda hivyo havijapona. Kwa hiyo fanya sachi kwenye msajili wa ardhi wewe mwenyewe, au kupitia wakili asiyelipwa na muuzaji. Uliza kama unauziwa ardhi, au nyumba bila ardhi, kwa sababu kwetu mtu anaweza kumiliki kuta na bati huku uwanja ni wa mwingine anayedai kodi ya kiwanja kila mwezi. Zungumza na majirani wa pande zote nne. Na kama una kiwanja tayari ambacho hujakikanyaga tangu ukiwa kijana, nenda ukakiangalie mwaka huu: aliyekaa wazi wazi kwenye ardhi yako miaka 12 bila ruhusa yako anaweza kuidai mahakamani.

Ukitaka nyumba ya mawe ndani ya mji wa kale wa Amu, jua kwamba unanunua na wajibu. Kuitengeneza kunahitaji idhini ya wahifadhi, huwezi kupiga saruji na dirisha la alumini utakavyo. Chokaa, boriti za mikoko na kazi ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zina mafundi wake, na kila gunia linafika kwa punda. Ni nyumba za baridi na za heshima. Ila zilijengwa na watu waliokuwa na vijana ndani ya nyumba.

Yetu tuliijenga kwa mfano huo huo, kwa pesa tulizotuma miaka tisa. Daka, yaani ukumbi wa kuingilia, mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, ghorofa mbili, na juu kabisa kidari cha meko, kama jiko la bibi yangu, ili moshi uende na upepo. Nilipoichora nilikuwa na miaka 47 na nilipanda ngazi za wodi siku nzima. Nilipoingia kuishi nilikuwa na 61. Ngazi ni nyembamba na zimesimama, hazina pa kushika. Kikombe cha chai kilikuwa safari. Mwaka wa tatu goti la kulia likakataa kabisa, tukahamishia jiko la gesi pale kiwandani, chini, na vyumba vya juu vikabaki kwa vumbi na popo. Fundi alinijengea sawasawa nilichomwagiza. Aliyeagiza ndiye hakuwa amezeeka bado.

Kwa hiyo chora nyumba ya mtu wa miaka 80. Chumba cha kulala, choo na jiko viwe chini. Mlango upite kiti cha magurudumu. Choo kiwe cha kukaa, kiwe na chuma cha kushika. Weka tangi la maji unaloweza kulifikia, na chumba kidogo cha pembeni cha msichana wa kazi au mjukuu atakayekuja kukuangalia. Kisha panga kwanza katika mtaa huo huo angalau miezi sita.

Nyumba ya Langoni tumewapangisha walimu wawili vijana. Wanapika juu kwenye kidari, wananiambia upepo wa jioni hauna mfano. Kodi yao inalipa dawa za mume wangu na nusu ya pango letu la Malindi.